Udongo wa Kampala

Jumapili, baada ya chakula

Nimemdanganya mjukuu wangu Nafula. Kesho anavuka mpaka kwenda Kampala, na leo alinionyesha picha ya jiji kwenye simu.

"Kuka," akaniuliza mimi babu yake, "boma lenu lilikuwa wapi? Nikuletee udongo tuweke kwa kaburi ya baba yako."

Baba alifia hapa Busia akiuomba udongo huo.

Nilitafuta kilima chetu, nikaona maghorofa ya vioo tu. Kwa Nafula, hayo ndiyo Kampala. Kwangu yameifunika. Niliona aibu, nikagusa lililo refu kuliko yote.

"Wah! Kumbe sisi ni watu wa town!" Akaenda kufunga begi akicheka.

Nimechoka kuwa wa mwisho anayekumbuka, na sasa hata mimi…

Asubuhi lazima nimwambie sijui, asije akamfunika baba kwa udongo wa watu wengine.