Mwendo wa Kufika Magu

Jumatatu, 19 Januari 1998

Mvua. Redio inasema El Nino. Hapa Nkololo tunasema Mungu kafungua bomba, kaenda kulala.

Shemeji Maduhu amerudi Bariadi kwa miguu, matope mpaka magotini. Majibu ya dada Eufrasia ni haya: tumboni kuna uvimbe, apasuliwe, tena Mwanza. Daktari bingwa yupo mpaka mwisho wa mwezi, anapasua Jumatano tu. Baada ya hapo anaondoka, na mwingine hajulikani atakuja lini. Gari la wagonjwa limekwama Shinyanga, ng'ambo ya mto uliobeba daraja. Mabasi hayatembei.

Maduhu alikuwa anaongea na mimi lakini macho yako kwenye pikapu yangu.

Nikamwambia shemeji, mbele yako amesimama mtu aliyeshusha lori la tani kumi mpaka Bujumbura usiku wa risasi. Mwanza ni hapo jikoni!

Nilivyoingia ndani nikakaa kitandani, sikuvua hata viatu. Dada ndiye aliyenilea. Mama alikufa mimi sijang'oa jino la kwanza. Vitenge vyake vya harusi aliviuza ili nikajifunze udereva. Mwaka mzima alitembea na kanga moja.

Jumanne, 20 Januari

Petroli hakuna! Bariadi kituo kikavu, mlinzi anachezea bomba kama fimbo ya kuchungia. Matenki hayapiti. Wanasema biashara sasa huria, kila mtu auze anachotaka — haya, huria ya kuuza nini?

Nilikuwa na madumu mawili. Moja nilimpa jirani yetu Luhaga kabla ya Krismasi akamfuate mama mkwe wake. Mke wangu Veronica kagonga dumu lililobaki kwa kidole. Kanitazama tu. Bora angesema.

Limebaki moja, lita ishirini. Kutoka hapa mpaka Magu ni kilomita kama mia na sitini, na dereva wa lori aliyekwama mnadani anaapa kwamba Magu mafuta yapo. Hii Toyota yangu ni mtumba wa Kijapani, nzuri ya sura, lakini kunywa inakunywa. Ikinywa vizuri tunafika. Ikinywa vibaya tunalala porini na mgonjwa.

Kwa hiyo swali ni moja: spidi gani inakunywa kidogo? Nimeishia darasa la tano, ila hili sihitaji darasa. Gari ni kama mlevi. Usimharakishe. Polepole ndiyo dawa.

Alhamisi, 22 Januari

Nimepima. Nimejaza chupa ya bia petroli, nusu lita, nikaifunga kwenye boneti. Mpira mmoja wa dripu, moja kwa moja kwenye kabureta. Tenki nimelifungia. Naanzia ghala la pamba, natembea spidi moja tu, injini ikifa naweka jiwe.

Spidi ya kwanza thelathini, gia ya pili. Imekufa kwenye lambo, ng'ombe wanakunywa maji wananitazama.

Kurudi je? Maduhu kaleta maksai wake wa plau, wawili, wakafungwa kwenye bampa. Toyota inavutwa na ng'ombe! Watu walitoka majumbani. Maganga wa baiskeli akapaza sauti, eti Method, hiyo ndiyo inatumia mafuta kidogo kuliko zote! Nikamjibu hata rais anavutwa, mradi asishuke.

Ya pili, themanini. Imekufa shuleni, kabla hata ya lambo. Sawa, hilo nilijua.

Veronica alikuwa anasubiri getini. Baba Winnie, unapima mafuta kwa kuyamaliza?

Ana haki. Lita nzima imekwenda. Lakini sasa siwezi kuacha katikati.

Ijumaa, 23 Januari

Hamsini na tano! Topu gia, mguu mwepesi kama unakanyaga yai. Imepita shule, imepita lambo, imekwenda kufa mnadani kabisa! Nilishuka nikacheza peke yangu kwenye matope.

Kumbe nilikosea kuhusu mlevi. Anayekunywa polepole ndiye anayekaa baa mpaka asubuhi. Anayekunywa haraka sana anaanguka mlangoni. Wa katikati ndiye anayefika nyumbani kwa mke wake.

Jioni nimeenda kumwambia dada. Amelala kwenye mkeka, uso umekuwa mdogo. Nilimweleza yote, mawe, maksai, mnadani. Alicheka akashika tumbo. Akauliza, hamsini na tano ndiyo inatufikisha? Nikamwambia ndiyo hiyohiyo, dada, ukiipunguza tu umeumia.

Akairudia mwenyewe. Hamsini na tano.

Jumapili, 25 Januari

Katekista Januarius kamtangaza dada kwenye maombi. Baada ya ibada kanivuta pembeni, kamimina petroli yote ya pikipiki yake kwenye chupa mbili za soda. Jumapili ijayo atatembea kwa miguu mpaka kigango cha pili. Nilimtania kwamba malaika hawana pikipiki na wanafika. Alipogeuka nikajifuta macho.

Godoro liko nyuma, turubai juu. Maduhu atakaa naye. Tumekubaliana: akigonga bodi mara moja, napunguza. Mara mbili, nasimama. Dada alikuwa anasikiliza.

Jumatatu, 26 Januari. Bariadi, saa tatu asubuhi

Sina mkono wa kuandika lakini nitaandika.

Tumetoka saa mbili. Barabara ina makorongo ila imekauka kidogo, nikaishika hamsini na tano yangu, sikuiachia. Hakuna aliyegonga. Nikasema moyoni, Method, wewe ni dereva! Nikaanza kuimba. Niliimba mpaka Bariadi!

Nimesimama hapa ili apate uji. Nimefunua turubai.

Mdomo wa chini ameuma mpaka damu imeshuka shingoni. Kitenge amekitafuna. Maduhu, mtu mzima wa ng'ombe sitini, analia bila sauti.

Nikamfokea, shemeji mbona hukugonga! Akasema, amenishika mkono. Amenikataza. Amesema usimharibie ng'wana mayu hesabu yake.

Ng'wana mayu. Mtoto wa mama. Ndivyo anavyoniita toka nikiwa mdogo.

Nimekaa kwenye tairi. Mshale wa mafuta uko palepale nilipotaka uwe. Hesabu imetoka sawasawa. Sijawahi kuchukia hesabu hivi.

Nimemwambia dada tunakwenda ishirini. Akasema hatutafika. Nikamwambia nani kakudanganya, mimi nimetembea nchi nne! Akasema, wewe, hata kuku wa hapa wanajua unavyodanganya.

Siku hiyohiyo, jioni. Kabla ya Lamadi

Ishirini. Mahali pengine kumi. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Kila korongo nalizunguka kama nabeba mayai ya dunia nzima. Nilikuwa naisikia injini inavyokunywa, kama mtu anayetoboa mfuko wangu. Dada hakuuma kitenge. Mara moja nimemsikia anaongea na Maduhu habari za mahindi.

Saa tisa imekohoa. Nimetia chupa za katekista. Saa kumi imekufa. Magu bado mbali. Hata Lamadi bado, ila kule barabara kuu inapita, malori ya Musoma yapo, mafuta yataombwa hata kwa magoti.

Maduhu kafungua bodi la nyuma. Ameshuka, amekata mashambani. Nikajua amekata tamaa, kakimbia aibu ya kumzikia mke barabarani — Mungu anisamehe. Amerudi na maksai wanne wa watu asiowajua! Amewaamkia tu kwa Kisukuma, wakamuuliza ukoo, wakamfungulia zizi.

Sasa tunavutwa. Maduhu yuko mbele na fimbo. Mimi nashika usukani kwa mkono mmoja, daftari gotini, mistari imepinda, sijali. Kioo cha nyuma hakipo tangu ninunue gari hili, kwa hiyo dada yuko hapa mgongoni kwangu.

Kauliza, ng'wana mayu, sasa unakwenda spidi ngapi? Mbona leo barabara imekuwa nzuri?

Nimetazama. Mshale umelala kwenye sifuri, hautingishiki. Nimemwambia sifuri, dada. Na mafuta hainywi hata tone.

Akasema, basi hiyohiyo.

Ni muda sasa tangu aseme hivyo. Jua limegusa miti. Upande wa ziwa wingu limesimama jeusi. Mvua ikitukuta hapa, matope yatatushika mpaka kesho, na keshokutwa Jumatano ndiyo mara ya mwisho daktari anapasua.

Maduhu amegeuka. Anapaza sauti, shemeji, niwachape? Wakikimbia tunaiwahi.

Wakikimbia gari litaruka. Nimemwita dada, nimuulize. Hajajibu. Nimemwita tena. Labda amelala. Labda ananyamaza kama alivyonyamaza asubuhi.

Maduhu anasubiri. Fimbo ameinua, hajaishusha, ananitazama mimi dereva. Nimemwambia, shemeji, ishushe polepole, twende hiyohiyo.