Tarehe ya Kurudi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitini, jambo ambalo wiki hii limekuwa adimu. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji je, na wale wanangu wawili watundu? Mimi sijambo, ila uchovu umenizoea hadi naona haya kuulalamikia.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sauti yangu huchangamka siku za Jumatano, ukaanza kabisa kupanga wageni wa harusi. Nilicheka nikakwepa. Leo nakujibu.

Jumatano ni kliniki yangu ya presha. Wagonjwa hujaa kwenye benchi tangu asubuhi, nami huwaona mmoja mmoja mpaka shingo inakakamaa. Miezi minane iliyopita aliingia fundi viatu mmoja wa makamo, amefiwa na mke, presha iko juu. Nikamwandikia dawa. Alipokuwa akifunga kifungo cha mkono wa shati alitazama miguu yangu, akasema kisigino cha kiatu changu cha kushoto kimelika kwa ndani kwa kuwa nikichoka naegemea upande mmoja. Dada, nina miaka tisa hapa, na hakuna aliyewahi kuona kuwa nachoka.

Alipokuja tena nilimpa viatu avitengeneze, nikarudi nyumbani na kandambili za wodini, nikijua fika kuwa sikupaswa. Tukazoea kuzungumza: yeye habari za marehemu mkewe, mimi habari zangu, na zako pia, nisamehe. Foleni ilikuwa inasubiri nje.

Jumatano ya wiki jana alikuja na binti yake. Binti akanieleza kuwa baba halali usiku, hali chakula vizuri, na ameanza kugawa vifaa vyake vya kazi. Fundi mwenyewe akaniuliza taratibu, "Daktari, niambie ukweli. Nimebakiza muda gani?"

Sikumwelewa. Akatoa kadi yake akanionyesha tarehe za kurudi, kila baada ya wiki mbili. Jirani yake mwenye presha kama hiyo huitwa baada ya miezi mitatu. Tena yeye fundi huulizwa habari za nyumbani kwa upole mno, akaona namwandaa.

Hili sijamwambia mtu. Presha yake ilitulia miezi mitano iliyopita. Zile tarehe niliziandika kwa sababu nilitaka kumwona. Nimempenda, dada, sina neno jingine. Na muda wote huo yeye alikuwa anajiandaa kufa.

Nilimwambia ni mzima, presha imekaa sawa. Akauliza mbona basi nilikuwa namwita. Nikasema ni tahadhari tu. Binti akalia. Fundi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akisema hakuna daktari aliyewahi kumhangaikia kama mimi. Nami nikazipokea shukrani zake. Hapo ndipo panaponiuma.

Faili lake nimemkabidhi mwenzangu, na kadi sasa inasema miezi mitatu. Kesho naingia kwa daktari mkuu kumweleza yote, pamoja na ule uongo wa tahadhari, maana fundi lazima aambiwe ukweli. Sijui nitafanywa nini. Nimechoka hata kuogopa.

Basi wale wageni wa harusi waache. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mama usimsomee barua hii mpaka nije mwenyewe.

Leo ilikuwa Jumatano. Nimesimama siku nzima, na viatu havikuniuma hata kidogo.

Mdogo wako,
yuleyule Kijiti