Umelala Ukitazama Magharibi

Fundi,

Sijui kama unanisikia. Kwa imani yako, hunisikii. Miaka tisa pale Majengo, huku unapiga randa, uliniambia kwamba mtu akifa amelala tu, hajui nani amemlilia wala nani amekuja kwa sababu ya wali, mpaka siku parapanda italia. Mimi nililelewa kanisa lingine. Kwetu tuliambiwa roho inaenda kwa Mungu hata kabla mwili haujapoa, na kwamba wafu wetu wanatuona. Tulibishana mpaka chai ikawa maji. Sasa wewe umekufa na ubishi haujaisha, na naona haya kidogo kukuandikia, maana kila neno ninaloandika ni kama nimejitangaza mshindi huku wewe hupo wa kunijibu. Lakini nitaandika. Kuna jambo nimelifanya, na tangu nilijue sijatulia hata siku moja.

Kwanza habari za huku. Ni miezi saba tangu tukuzike. Kibanda chetu cha majeneza kipo. Jirani yetu anayetengeneza vitanda alianza kuegesha mbao zake upande wetu, nikamrudishia, akazileta tena, sasa hatusalimiani. Nimepaka mlango rangi ya kijani ambayo ungeichukia. Wateja bado wanakuja na kuuliza, "Fundi yuko?" Nikisema fundi ni mimi wanachungulia nyuma yangu, kama vile kuna mwanamume nimemficha kwenye pumba za mbao. Juzi mmoja wa vijana wa mkokoteni, wale wanaofupisha Wanjiru kuwa Shiro, aliniambia, "Shiro, siku hizi una hasira ka mzee." Nilimfukuza, halafu nikaingia ndani nikalia.

Sasa jambo lenyewe.

Unakumbuka ulivyoniagiza sanduku lako? Ulikuwa umekaa kwenye lile benchi, kifua kinakusumbua, kila neno unalitafutia pumzi. Hukutaka jeneza la mabega, lililopanuka kifuani, kama tunayouza. Ulitaka sanduku la pembe nne, mbao za saipras tupu, bila vanishi na bila kioo. Ulisema, "Sitaki kuangaliwa kwa dirisha kama samaki wa kukaanga." Mkeo, Mama Mwende, alikukemea, lakini alicheka. Nami nikaahidi.

Na unajua vile ulivyotufundisha kufunga. Skrubu nane kwenye kifuniko. Saba zinafuata mstari, ya nane inasogezwa ndani kidogo, upande wa kichwa, ili kifuniko kikubali kukaa kwa njia moja tu. Ukikigeuza, matundu yanakataa. Ulikuwa unaliita tundu la adabu. Nilipokuuliza mara ya kwanza ni la nini, uliacha kazi, ukaniketisha, ukanieleza kwamba Bwana atatokea mashariki, na maiti analazwa kichwa magharibi, miguu mashariki, ili akiketi siku ile awe anamtazama moja kwa moja. Msalaba wa kifuniko unakaa juu ya kichwa, na wanaobeba jeneza huufuata huo msalaba. Kwa hiyo kifuniko kikigeuka, msalaba umegeuka, na mtu amegeuka naye. Ndiyo maana kila mteja ulimuuliza, "Mnazika wapi, na jua huko linatokea wapi?" Wengine walikuona mzee wa ajabu. Mimi pia, mwanzoni.

Nilitengeneza sanduku lako kwa siku mbili. Fundi, sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Kila kona niliipima mara tatu. Nilitaka hata wewe, ukiweza kufufuka dakika tano, ukose cha kusahihisha. Na nilipofika kwenye matundu, nikatazama alama nilizochora, saba kwenye mstari na ile moja iliyopotoka, nikaona inaharibu. Nikasema, la Fundi halitakuwa na kasoro. Nikatoboa yote manane kwa mstari mmoja. Nilijua kichwa chako kitakuwa wapi. Nani angekosea, na mimi nipo?

Ibada ilikuwa kanisani kwenu, Dandora. Walikufungua watu wakuage. Walipomaliza, mzee wa kanisa alinipa ishara nifunge. Mama Mwende alikuwa amenishika gauni. Niliinua kifuniko bila kukuangalia, kwa sababu nilijua nikikuangalia sitaweza kushika bisibisi. Kiliingia vizuri sana. Nakumbuka nilijisifu moyoni, wakati ule ule, kwamba kimeingia vizuri.

Tukafika kwenu Makueni mawingu yamefunga, wazee wakasema usifunguliwe tena, mvua inakuja. Vijana wakafuata msalaba, wakakuteremsha. Niliuliza jua linatoka wapi. Nilihakikisha, Fundi! Nilisimama pale kama mkaguzi, nikaonyesha kwa mkono, msalaba huku, upande wa ule mlima. Wakafanya nilivyosema.

Basi mwezi uliopita mwanao Mwende alitaka picha yako moja ya kutundika sebuleni, akaniomba nimtengenezee fremu. Akanitumia picha zote za siku ile kwa simu nichague inayofaa. Kuna mbili zilizopigwa na mtu mmoja, amesimama pale pale. Ya kwanza umelala wazi, kichwa upande wa mimbari, kando ya ile ngoma ya vijana. Ya pili umefungwa, na msalaba uko upande wa mlango. Ngoma haijasogea. Shada la maua halijasogea. Nilizikuza mpaka vidole vikauma. Nilijiambia labda waligeuza sanduku lote. Lakini kuna kile kifundo cheusi cha mbao ulichonikataza nisikitoe, kile ulichosema kinafanana na jicho la mbuzi. Kipo pale pale, kwenye picha zote mbili. Sanduku halikuguswa. Kilichogeuka ni kifuniko.

Umelala kichwa mashariki. Ukiketi utakuwa umempa Bwana mgongo. Na ule msalaba wa saruji ambao Mwende ameuchongesha umesimama miguuni pako.

Najua utasema nini, au ungesema nini, sijui nitumie wakati gani wa kukusemea. Nilienda kwa mchungaji wangu. Aliniambia nisihangaike, roho yako iko kwa Mungu, mwili ni nguo tu iliyovuliwa. Nikamuuliza kama ni nguo tu, kwa nini kila Jumapili tunasimama na kukiri ufufuo wa mwili? Akatabasamu lile tabasamu la kuniombea. Nikatoka. Nikaenda kwa mzee wa kanisa lenu, nikiwa na hakika yeye atanifokea. Hakunifokea. Alisema Mungu atakayewakusanya waliozama na walioungua na walioliwa na samaki hatashindwa na mtu aliyelala kinyume. Ni neno zuri na naliamini. Lakini halikunisaidia, kwa sababu wale wengine sikuwafunga mimi.

Kuanzia hapo nikawa kama mwehu. Nilikuwa nafungua majeneza yaliyokwisha kufungwa kuangalia kama nimegeuza. Nilimfuata mteja mmoja mpaka Gikomba, gari lake likiwa limeshapakiwa, nikamwomba nikague skrubu. Aliniuliza kama ninampangia maiti wake njama. Nilikuwa ninakula nimesimama. Nikikaa, naona mgongo wako.

Kilichonitesa zaidi si Bwana. Yeye naamini atakuelewa, na labda atacheka. Kilichonitesa ni ile dakika moja. Wewe uliyeingoja asubuhi ile maisha yako yote, uliyeipangia watu wa mtaa mzima, unafungua macho na unaona kichaka. Unawasikia watu wote nyuma yako wakipiga vigelegele na wewe hujui kuna nini. Uliwahi kuniambia, "Wanjiru, aliyelala hahesabu saa. Nitafumba, nitafumbua." Sawa. Lakini utafumbua na kitu cha kwanza utakachopata ni kazi yangu mbaya.

Jumapili moja baada ya kanisa nilienda Dandora nikamwambia Mama Mwende. Mwende alikuwa kazini, tulikuwa wawili tu. Nilimwonyesha picha, nikamweleza matundu, nikamwambia nilifanya kwa majivuno na si kwa bahati mbaya, maana ungetaka niseme hivyo. Nikasema niko tayari kwenda Makueni nikafukue kwa mikono yangu kama atakubali. Alichukua vikombe ambavyo vilikuwa safi, akaenda kuviosha. Aliviosha muda mrefu. Halafu akaniambia, "Nenda nyumbani, Wanjiru." Hakunisindikiza hata mlangoni, na unajua mkeo, yeye husindikiza hata wauza sabuni.

Wiki tatu hakushika simu yangu. Nilimuuliza Mwende, akanijibu, "Mathe yuko poa, mpe tu time." Sikumpa. Nilipiga kila siku. Wewe ndiye uliyekuwa na subira kwenye kibanda kile, mimi sijawahi kuwa nayo, na nilianza kuamini nimempoteza yeye pia.

Jumatano iliyopita, asubuhi, nikiwa na drili mkononi, alikuja. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha ushirika wa akina mama, na mkononi ana uzi. Fundi, nilipouona ule uzi nilizima drili. Ni ule uzi tunaoletewa na watu waliopima maiti nyumbani, wamekata urefu wake na kufunga fundo upande wa kichwa. Nilidhani Mwende amekufa. Nilipiga kelele mpaka yule jirani wa vitanda akaja mbio na nyundo.

Akanishika bega akaniambia ni uzi wake mwenyewe. Alikuwa amelala sakafuni na Mwende akampima, Mwende akilia na yeye akimwambia avute uzi vizuri.

Alikaa kwenye benchi lako. Aliniambia alinikasirikia sana, na hasira yenyewe haijaisha, kwa hiyo nisijifanye nimesamehewa yote. Aliniambia alikwenda Makueni peke yake, akasimama kaburini, akajaribu kuwaza jinsi ya kuwaita wazee, kutafuta karatasi za serikali, na kuleta majembe. Akaona hawezi. Alisema, "Unajua alivyopata usingizi kwa shida mwaka ule wa mwisho? Sasa amelala. Mimi simwamshi." Kisha akasema neno ambalo ndilo limenifanya nikuandikie.

Alisema, "Kando yake kuna nafasi yangu. Na mimi unilaze vile alivyolala. Miaka thelathini na minane sijamwacha aamke peke yake."

Nilibisha. Wewe unanijua. Nilimwambia hapana Mama, kosa ni langu, usiingie ndani yake, wewe lala ukimtazama Bwana, utamwonyesha mzee njia. Aliniangalia kama mtoto asiyeelewa. Akaniuliza kama Bwana ana haraka kiasi cha kutosubiri watu wawili wazee wageuke. Miaka yote hii ya kubishana juu ya roho iko wapi, imelala au imekwenda, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza hilo.

Nimepokea uzi. Nimeutundika juu ya meza na kila nikiutazama nageuza macho upesi, maana mwenyewe yuko Dandora anakaanga maharagwe. Nami sijatulia, usidhani. Kwanza nilikuwa na kosa moja, la majivuno. Sasa nina la pili, la kuagizwa. Mchungaji wangu akijua atataka kuniombea tena. Kuna siku naona tumefanya jambo takatifu, na kuna siku naona tumefanya upuuzi wa watu waliofiwa. Asubuhi ya leo nimeona yote mawili kabla ya saa nne.

Kwaheri, Fundi. Sijui kama umelala au unasoma nyuma ya bega langu, na kwa mara ya kwanza sitaki kushinda. Nakuahidi haya. Mama Mwende nitamtunza, nitamtembelea hata asiponisindikiza, na siku yake ikifika, Mungu aiweke mbali, nitamfunga mwenyewe, nikimwangalia usoni mpaka skrubu ya mwisho. Kule Makueni nitasimama kwenye udongo niwaonyeshe vijana pa kuweka kichwa chake. Wazee watasema nimekosea. Nitawaambia sijakosea.

Kwa hiyo siku ile ukifumbua macho na usione mwanga mbele yako, usishtuke, wala usidhani umesahauliwa. Angalia kwanza kando. Mshike mkono. Halafu mgeuke.

Wanjiru wako