Nyapara Amekutaja, Kaka Mutua

Kaka Mutua,

Mama yako amerudi mtaani Ziwani baada ya mazishi yako, nami humpitia jioni nikitoka kazini. Huniuliza habari za kazini kwako kana kwamba umeenda likizo tu. Namwambia mikate inatoka vizuri. Namdanganya, kwa sababu mikate inachelewa kila siku na mimi nimefika mwisho wa akili yangu.

Maduka tunayoyapelekea mikate yameongezeka tangu utuache, na programu yetu ya maagizo inaburuta miguu. Utaratibu ni ule ule ulioniachia: maagizo ya simu yanaandikwa asubuhi, tunayaingiza kwenye kompyuta adhuhuri, na karatasi za kupakia zitoke kabla watu wa zamu ya jioni hawajafika. Siku hizi wanafika, wanakalia kreti tupu, wananitazama kupitia kioo. Dereva mmoja alinipigia kelele juzi, "Sista, hiyo kompyuta yenu imelala ama imekufa?" Wenzake wakacheka. Mimi neno hilo la kufa lilinichoma, nikageuka nisionekane uso.

Halafu meneja akaniita. Amesema karatasi zikichelewa tena kabla ya wiki kuisha, kompyuta inarudi kwa waliotukodishia, makarani wa kalamu wanarudi mezani, na mimi ninarudi nyumbani. Hakupaza sauti. Afadhali angefoka.

Nilimkimbilia Nyapara, maana sikuwa na mwingine. Ile programu yako ndogo ninaipenda kuliko vitu vyote ulivyonifundisha. Inaichungulia programu kubwa ikiwa kazini, na kila inapochungulia inaweka nyota kando ya jina la sehemu iliyoikuta inafanya kazi. Mwisho wa siku, mwenye nyota nyingi ndiye anayetuchelewesha. Ulisema umeiita Nyapara kwa sababu haishiki jembe, inasimama tu na kuwatazama wenzake wanaozembea. Ulicheka mwenyewe hadi ukakohoa.

Ungemwona sasa! Nimembadilisha kidogo, usinikasirikie. Zamani alikuwa akichanganya kufanya kazi na kusubiri printa, sasa anavitenganisha. Zamani ukitaka kumwondoa lazima usimamishe kila kitu uanze upya, sasa anatoka kimya kimya na kazi inaendelea. Na zile nyota zako, Kaka, zilikuwa zikijaza karatasi nzima kama upele. Nimeweka asilimia. Nilipomaliza nikageukia kiti chako nikuonyeshe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Lakini hata na hayo yote, Nyapara aliendelea kuniambia jambo moja: sehemu ya PANGA, ile inayoyapanga maduka kwa njia za magari, ndiyo inayokula muda. Nikaiandika PANGA upya. Nikaiandika tena. Nikaibomoa kabisa nikaijenga kwa namna nyingine, na bado Nyapara alinyoosha kidole pale pale. Nilianza kudhani mimi ni mjinga, kwamba ulipoteza wakati wako kunifundisha.

Jana ndipo nikaona. Orodha ya Nyapara ina nafasi ishirini tu za majina. Tulipoianza tulikuwa na sehemu chache, nani angefikiria zitazidi? Ya ishirini ni PANGA. Sehemu yoyote iliyoongezwa baada yake haina mahali pake, kwa hiyo lawama zake zote zilikuwa zinamwagikia PANGA. Nilipanua orodha, nikaiendesha tena kazi ya siku hiyo, nikasimama kando ya printa nikingoja.

PANGA haikuwa na kosa. Juu kabisa, peke yake, ilikuwa imeandikwa HAKIKI.

Sikuijua. Nilitafuta kwenye programu, nikaipata mwishoni kabisa, na nikajua ni mkono wako, maana ni wewe tu uliyekuwa ukiacha mstari mtupu kabla ya kila hesabu. Uliiandika baada ya kutoka hospitali, ulipotuambia ni kichwa tu, kinauma kidogo. Inachukua agizo la kila duka na kulijumlisha. Kisha inarudi mwanzo kabisa wa faili, inalisoma lile lile, inajumlisha tena, inalinganisha. Kisha inarudia mara ya tatu. Kwa kila duka. Ikikuta hesabu haziafikiani, inachapa onyo.

Ulikuwa unaogopa, Mutua. Ulikuwa hujiamini tena, ukaifundisha mashine ikulinde.

Na mimi nilikuwa pale! Meza kwa meza! Siku ile tunatembea Landhies Road kurudi nyumbani ukasimama ghafla ukaniuliza, "Njeri, leo ni siku gani?" nilidhani unanitania. Nikakujibu ni siku ya kuninunulia chai. Ukacheka, ukaninunulia chai. Kumbe ulikuwa unauliza kweli. Kwa nini hukuniambia? Nina hasira na wewe, tena nyingi, na hasira hii sina pa kuipeleka. Ungesema neno moja tu. Ningekuhesabia kila duka kwa mkono na nisingemwambia mtu.

Leo asubuhi nimefungua makabati, nimepekua karatasi za kupakia zote tangu siku ulipoiweka HAKIKI, nikitafuta onyo. Nilitaka kujua ilikamata nini. Hakuna, Kaka. Hakuna onyo hata moja. Kichwa kilikuwa kinakuacha na bado hukukosea duka hata moja, mpaka siku ile ulipovaa koti ukaondoka na hukurudi tena. Laiti ungelijua hilo. Ulikwenda ukihofu umeharibu kazi.

Sasa lazima niiondoe. Bila HAKIKI karatasi zitatoka mapema, magari yataondoka, nami nitabaki na kazi. Nimejaribu tangu saa nne kutafuta njia nyingine na sijaipata. Ni kitu cha mwisho ulichokiandika, na kila adhuhuri kilikuwa kinaamka na kufanya kazi humu ndani bila mimi kujua. Nikikifuta, utakuwa umekufa mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu.

Mama yako nitamwambia leo jioni kwamba hukukosea. Meneja hataiona ripoti ya Nyapara, nimeichana, asije akasema ni wewe uliyetuchelewesha.

Lala, mwalimu wangu. Maagizo yote yameingia, na amri ya kufuta nimeshaiandika. Nakuahidi hili tu: siku akili yangu itakapoanza kuniponyoka, nitamwambia yule aliyekaa kando yangu, hata kama atacheka.

Naifuta sasa.

Njeri