Kilo za Pande

Jumatatu, 3 Machi
Amefika! Ana wiki nane tu, na tayari nimempa jina: Pande. Maana ni pande la mbwa kweli. Nimemtia kwenye gunia, nikamning'iniza kwenye mizani ninayopimia chakula cha kuku — kilo tisa kasoro kidogo. Aliyeniuzia anasema baba yake ana kilo sitini na tano. Nimecheka peke yangu. Mwezi uliopita wezi walitoa kuku arobaini bandani, asubuhi nikakuta manyoya tu. Waje tena mwakani, wamkute mwenyeji.

Mume wangu ametoka karakana na miwani ya kuchomelea bado iko kichwani. Kamtazama mbwa, kasema hizo nyayo kaazima kwa mkubwa wake. Nimemwambia asubiri. Kunenepesha ndiyo kazi yangu.

Jumapili, 9 Machi
Kilo kumi na moja. Kwa siku sita!

Mapishi ni yangu mwenyewe: chakula cha kukuzia kuku wa nyama, kimechemshwa na utumbo, juu yake kijiko cha unga wa mifupa na kijiko cha chokaa ya mifugo. Mfupa mkubwa unataka chokaa nyingi, hilo halihitaji shule. Kifaranga wangu anaingia akiwa gramu arobaini, wiki sita baadaye ana kilo mbili na mnunuzi yuko getini. Sasa mbwa ndiye atanishinda?

Anakula mara nne. Akilamba sahani, naongeza.

Alhamisi, 20 Machi
Kumi na tano na nusu. Wateja waliokuja kuchukua kuku wote wamesimama kumtazama. Mmoja kauliza namlisha nini. Sikumwambia.

Jioni kaja wifi yangu, dada wa mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye bado anasahihisha watu. Kamtazama Pande akitembea, kisha akasema miguu ya mbele imekaa kama mabano. Na kwamba nyayo zinatazama nje, moja kulia, moja kushoto. Nimemjibu kwamba mbwa wakubwa ndivyo walivyo. Akasema, "Haya, wifi," kwa ile sauti yake ya kufunga daftari.

Nimekasirika mpaka sasa.

Jumanne, 25 Machi
Asubuhi nimemwita Pande, akaja nusu ya njia, akakaa. Nikamwita tena. Akatikisa mkia akiwa amekaa palepale. Nilipomnyanyua na kumsimamisha, akalia.

Daktari wa mifugo amefika kabla ya saa sita. Ni yuleyule binti anayenichanjia kuku, mpole, hana maneno mengi. Kamshika vifundo vya mbele, kimoja kimoja, bila haraka. Akaniuliza anakula nini. Nami — najionea aibu kuandika — nikamtajia mapishi yote kwa majivuno, mpaka vijiko.

Akamwachia Pande mguu. Kisha akasema, "Mama, kuku unamkuza wiki sita umuuze. Huyu unataka aishi miaka kumi."

Akanieleza. Mbwa wa mbegu kubwa hatakiwi kukua haraka. Uzito umekimbia, mifupa imebaki nyuma. Na ile chokaa niliyodhani ndiyo dawa, ndiyo inayoharibu zaidi: mtoto wa mbwa hana njia ya kuikataa ikizidi, inaingia tu mwilini na kuuvuruga mfupa unavyojengeka. Akaandika kwenye karatasi: chakula cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, basi, hakuna kuongeza kitu. Kiwango cha kalsiamu, yaani hiyo chokaa. Kipimo cha kikombe. Mara tatu kwa siku. Atarudi baada ya wiki sita.

Nikauliza, miguu isiponyooka je? Akasema kuna upasuaji, ila mguu wa aina hii mara nyingine upasuaji hausaidii. "Hapo itabidi tukae tuzungumze, mama." Najua maana ya kukaa tukazungumza. Nimewahi kukaa na watu hivyo kuhusu ng'ombe; jioni yake zizi lilikuwa tupu.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimeutupa unga wa mifupa kwenye shimo la taka, na chokaa pia, pamoja na makopo yake.

Alhamisi, 27 Machi
Leo nimeshinda!

Duka la vyakula vya mifugo. Muuzaji kanitolea gunia lenye picha ya mbwa anayeruka juu ya moto. Eti hili ni la nguvu, mbwa ananenepa unamwona. Nikavaa miwani, nikageuza nyuma. Mafuta mengi mno. Akaleta la pili, la mbwa wa umri wote. Nikamwuliza, umri wote ni umri wa nani? La tatu limeandikwa watoto wa mbwa, lakini kiasi cha kalsiamu hakikutajwa popote. Nikamwambia miaka kumi na tisa nasoma migongo ya magunia ya kuku, kisichoandikwa ndicho ninachokitafuta kwanza.

Akaanza kunikimbia kwa macho. Nikaingia mwenyewe nyuma ya rafu. Chini kabisa, gunia lenye vumbi: watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, kalsiamu imetajwa na iko ndani ya kiwango alichoniandikia daktari, tarehe bado mbali. Muuzaji akasema hilo haliendi, wateja wanalalamika mbwa hawanenepi.

Nikamwambia ndilo hilo, anipakilie.

Jumamosi, 5 Aprili
Kuna mwizi humu ndani.

Daktari alisema tusizidi kilo moja kwa wiki. Wiki hii Pande kaongeza mbili na robo. Nimepima upya, nimepima gunia tupu, nimepima jiwe la kilo tano. Mizani haina kosa. Kikombe nakijaza mimi, nakifuta juu kwa kisu. Sasa kilo moja na robo imetoka wapi?

Mchana nikajifanya naenda bandani, nikazunguka nyuma ya karakana. Mume wangu kachuchumaa, mapande ya nyama yako kwenye karatasi, anamlisha kwa mkono huku anamwambia asiseme. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuwa nimejiandaa kumpa za uso. Akanitazama, akasema, "Ananiangalia, Mama Kuku. Nawasha mashine, ananiangalia. Nazima, bado ananiangalia." Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mtu mzima na aproni yake. Hasira ikaniisha. Tumekaa pale chini sote watatu, nikamweleza tena habari ya mifupa, safari hii mpaka ile sehemu ya kukaa na kuzungumza. Hiyo nilikuwa nimemficha.

Nimemkabidhi kikombe. Kuanzia leo yeye ndiye mpimaji.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimeoa askari — au niseme nimeolewa na askari. Punje ikianguka anaiokota na kuirudisha kwenye kopo. Jana nimemrushia Pande ganda la mkate, nikasomewa mashtaka yote, tarehe na saa.

Uzito unakwenda vizuri, chini ya kilo kwa wiki. Nikipitisha kiganja ubavuni nazihesabu mbavu bila kubonyeza, kama alivyotaka daktari. Lakini maneno! Mteja mmoja kasema getini, nikisikia, kwamba Mama Kuku ananenepesha vya kuuza tu, vya kwake vinakonda. Mbwa wa huyohuyo mteja ni mifupa mitupu miaka yote, hakuna aliyewahi kuuliza. Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha.

Inaniuma, siwezi kusema uongo. Jina langu mjini ni kilo. Nimeingia ndani nikanywa maji.

Jumanne, 22 Aprili
Anatembea mpaka getini na kurudi bila kukaa! Mara mbili asubuhi, mara moja jioni. Mguu wa kushoto naona umenyooka. Wa kulia sijui. Mume wangu anasema na wa kulia pia. Simwamini, anampenda mno.

Jumamosi, 3 Mei
Mvua usiku, uani tope tupu. Nimetoka kulisha kuku nikaona nyayo za Pande toka mlangoni mpaka bandani. Zote zinatazama mbele! Kulia na kushoto. Nimeinama kuzitazama moja moja, nikatembea kandokando nisizikanyage.

Nimempigia wifi simu aje aone. Amekuja na viatu vyake vizuri, kasimama topeni muda mrefu. Akasema, "Haya, wifi." Lakini leo daftari lilikuwa wazi. Kisha akaniuliza, taratibu, lile gunia linauzwa duka gani, mwanawe naye kaletewa mbwa. Nimemwandikia jina, na chini yake: USIONGEZE KITU.

Jumanne, 6 Mei
Daktari yuko uani tangu saa nne. Nimeshindwa kusimama pale, nimekuja dirishani na daftari hili.

Kampima: ishirini na mbili na robo. Kashika kifundo cha kushoto, akaachia haraka. Cha kulia kakaa nacho. Amekikunja, amekikunjua, amekikunja tena. Kwa nini watu wapole hawasemi?

Kamwambia mume wangu aende upande wa pili wa ua amwite. Kaita. Pande kakimbia. Daktari kachuchumaa, anamtazama kwa nyuma akienda, kwa mbele akirudi. "Tena," kasema. Kakimbia tena. Kaandika kitu. Mume wangu ameshika kikombe kifuani kwa mikono miwili.

Sasa daktari anamwambia mume wangu asogee zaidi. Zaidi. Apite karakana. Apite banda, mpaka kule kwenye kona ya ukuta. Kule ni mbali. Mgonjwa hatumwi mbio za mbali kiasi hicho, aliyepona ndiye hutumwa. Viatu vyangu viko wapi —