Wasiokanyaga Chini

Irving, 9 Februari 2025

Dada Bertila,

Shikamoo. Habari za Houston na za wodini? Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu utanicheka, nitakata.

Dada, nilipotua hapa Septemba wewe ulikuwa zamu, ukamtuma rafiki yako Twalibu. Alinipokea vizuri, hata mizigo alinibebea. Lakini Twalibu si wa ukoo wetu. Hakuna ndugu aliyevua viatu akasimama mbele yangu akasema, "Elirehema, umefika. Kanyaga."

Unajua desturi hii ilikotoka. Mwaka 1916, Waingereza walipowapakia vijana wetu kwenye meli za anga kule Voi, wakawavalisha miavuli ya hariri na kuwamwaga nyuma ya Wajerumani, Babu Senkondo alimwagwa juu ya milima yake mwenyewe, Upareni. Akapaza sauti kutoka juu, akajitaja jina, akaomba mtu amwitikie. Watu wakakimbilia mapangoni, mama yake akiwemo. Upepo ukambeba, na hadi leo hana kaburi. Tangu hapo hakuna wa kwetu anayeshuka kutoka angani bila ndugu kumwambia akanyage.

Nimemwona, dada. Ananing'inia juu ya paking ya apatimenti zetu, mwavuli umetuna, wala hashuki. Na mimi sakafu siisikii tena miguuni. Kazini nilipanda kwenye mizani ya mizigo, ikasoma uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Njoo uniambie nikanyage.

Mdogo wako,
Elirehema

Houston, 20 Februari 2025

Elirehema mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mvua tu ndiyo inatuonea. Barua yako nimeisoma wakati wa chai, nikacheka hadi Jedidah, yule Mkenya ninayefanya naye kazi, akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sasa sikiliza. Ganzi ya miguu ni sukari mpaka vipimo vikatae. Nenda kapime. Hiyo mizani yenu ni mbovu. Na ule chakula cha maana, najua unaishi kwa mkate na soda. Mimi nilikuja nchi hii wa kwanza, sikupokewa na ndugu wala jirani, na bado nipo. Jumapili nitakupigia niyaseme hayo maneno kwenye simu, ili ulale usingizi. Babu alikufa vitani kama wenzake, Mungu amrehemu.

Dada yako,
Bertila

Irving, 16 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Asante kwa simu, ila haikusaidia kitu. Mama anasema anayetamka lazima asimame peku, kwenye ardhi ileile. Sukari nimepima, sina.

Juzi upepo wa huku, unaujua wewe, ulinikuta natoka dukani. Nilishika nguzo ya uzio kwa mikono miwili, miguu ikapepea nyuma yangu kama nguo kwenye kamba. Twalibu ndiye aliyenivuta. Siku hizi ananifunga kiunoni kwa mkanda wa mizigo nikienda kwenye gari, majirani wanadhani ni mchezo. Mwanzoni tulicheka, sasa hatucheki.

Babu amesogea. Naziona nyayo zake, laini kama za mtoto mchanga, hazijagusa kitu miaka yote hii. Naogopa, dada. Sitaki kwenda kukaa naye huko juu. Njoo.

Mdogo wako,
Elirehema

Houston, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula? Nafurahi kila nikikumbuka ulivyolia Jumamosi nilipokuja, pale kwenye nyasi nyuma ya apatimenti zenu, ukasema zina baridi. Nilitamka maneno yale kwa aibu, viatu mkononi, yule mama mwenye mbwa akitukodolea macho. Mara ukawa mzito, hata Twalibu akajaribu kukunyanyua akashindwa. Nilimshukuru Mungu njia nzima ya kurudi, hadi mji wa Corsicana.

Corsicana niliposhuka kujaza mafuta, lami sikuisikia miguuni. Nikasema ni uchovu wa kuendesha. Nikatazama juu, nikamwona Babu juu ya kituo cha mafuta, uso kaugeuzia kwangu. Amenifuata hadi nyumbani. Wodini wagonjwa wanalalamika kwamba hawanisikii nikiingia.

Miaka yote nimejisifu kwamba sikupokewa na bado nipo. Niambie ukweli, usinionee huruma. Siku ile nilipovua viatu, nyasi zililala chini ya miguu yangu?

Dada yako,
Bertila

Houston, 6 Aprili 2025

Dada Bertila,

Shikamoo. Leo hali yako sijui niiulizeje. Barua yako ilinifikia jana, nikapiga simu hukupokea, nikaja kwa basi. Jedidah amenifungulia, ulimwachia ufunguo. Wali wako uko jikoni, umefunikwa. Mlango wa baraza ulikuwa wazi, na kamba ya kuanikia imekatika, nadhani ni pale ulipoishika.

Umeniuliza kuhusu nyasi. Hazikulala, dada. Niliziona zimesimama wima chini ya nyayo zako, nikanyamaza, kwa sababu zangu zilikuwa zimelala na nilikuwa na furaha.

Sasa nipo uwanjani nyuma ya jengo lako, peku. Naona miavuli miwili. Mmoja ni hariri kuukuu, wa pili ni lile shuka lako la maua. Nimeita, "Bertila, umefika. Kanyaga." Umegeuka, kwa hiyo unanisikia. Babu naye akageuka, nikaona si vizuri kumwacha. Nikaita, "Senkondo, umefika. Kanyaga." Akafunika uso kwa mikono, kama mtu anayelia.

Upepo unawavuta kuelekea pwani, lakini bado nawaona. Barua hii nitaibana kwenye kipande cha kamba yako kilichobaki, uikute. Jedidah ameniletea kiti na maji, ananiuliza nitaita mpaka lini. Nimemwambia mara ile watu wetu walikimbia. Mimi sikimbii.

Mdogo wako, niliye chini,
Elirehema