Karatasi ya Fausta

Madam Skola,

Leo sikuamkii. Nimekukasirikia, na usiniambie marehemu hakasirikiwi. Kifua kilikubana msimu mzima, wewe unasema ni baridi tu ya Sumbawanga, unavaa sweta juu ya sweta. Tukakushusha bondeni Milepa kukuzika kwenu, na Jumatatu yake nikaingia darasani peke yangu, watoto wananiuliza umeenda wapi. Nikawajibu umekufa. Ulinikataza kuwafumbia maneno, basi sikuwafumbia. Kesho yake wakauliza tena.

Mkuu mpya alitaka kulifuta somo la uchaguzi. Alisema watoto wa kitengo chetu cha elimu maalumu wafundishwe kufua na kufagia, mambo ya urais ya nini. Nilimjibu vibaya, ungekuwepo ungenifinya. Lakini somo limebaki. Bado tunapanga foleni, bado wagombea wetu ni picha mbili, mwenye kofia na mwenye miwani, na bado kuna anayeuliza kama rais akishinda atakuja kula nasi ugali. Unakumbuka mwaka ule wa kwanza tulipofungua sanduku tukalikuta tupu? Tulikuwa tumewaambia kura ni siri, siri, siri, nao wakazificha: mifukoni, kwenye soksi, mmoja mdomoni. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Ukasema, "Rehema, hawa wametuelewa mno."

Sasa nikueleze kilichonichoma.

Fausta wako, yule mwanafunzi wetu wa kitengo, amekuwa mtu mzima. Anauza unga wa ulezi sokoni na shangazi yake. Alikwenda kujiandikisha, akapewa kadi ya mpiga kura, na kila nilipopita mezani kwao alinionyesha, mpaka pembe zikachakaa. Alijua anamtaka nani awe rais na alijua kwa nini. Mimi hakuniambia, maana ni siri.

Siku ya kura nilikuwa nyuma yao kwenye foleni. Msimamizi wa kituo aliona Fausta anavyochelewa kutamka jina lake, akamgeukia shangazi, "Mama, ingia naye umsaidie." Fausta mwenyewe hakuulizwa. Alisema anaingia peke yake, na alisema vizuri, nilimsikia. Nami nikasema msaidizi huchaguliwa na mpiga kura. Nikaambiwa, "Mwalimu, hapa si darasani kwako."

Akapewa karatasi ya kura. Shangazi akanyoosha mkono kuitaka. Na Fausta, Madam, akapiga goti kidogo, akampa. Kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Nani alimfundisha vile? Ni sisi. Mkubwa akinyoosha mkono, unampa, tena kwa adabu. Asubuhi zote zile, chaki, kikombe, fagio, mikono miwili, na wewe ukiwapigia makofi. Tukawafundisha foleni na picha na sanduku, lakini hatukuwafundisha hata siku moja kumnyima mtu mzima kitu. Wewe uliyekuwa unaona kila kitu, hilo hukuliona. Ukafa zako. Ukaniachia mimi nilione pale mlangoni, nimesimama kama gogo, wale wawili wanaingia kwenye kituturi cha kupigia kura na kalamu anashika shangazi.

Na shangazi si mtu mbaya, hilo nalo linaniudhi. Ningependa awe mbaya. Alitoka ametulia kabisa, akaniambia, "Sasa ningemwacha aharibu kura?" Nilitaka kumtukana mbele za watu. Wangapi wenye akili zao huharibu kura na hakuna anayewanyang'anya kalamu?

Baada ya kupiga yangu nilimkuta Fausta nje bombani. Walikuwa wamempaka wino, naye anausugua kwa mchanga. Nikamwambia aache, ataumia. Akasema, "Mimi sijapiga, mwalimu. Amepiga shangazi. Huu wino wake." Kidole kilikuwa kimeshaanza kuchubuka na wino hautoki. Nikamshika mkono, tukalia wote wawili, watu wanatupita wakidhani tumefiwa.

Tumeongeza somo. Ijumaa Fausta huacha unga wake na kuja kunisaidia darasani, na mimi ndiye shangazi. Mtoto anashika karatasi yake, mimi nanyoosha mkono, namwita mwanangu, nasema lete nikusaidie. Wengi bado wananipa. Wananipa na goti wanapiga, na hasira zangu kwako zinaanza upya, nakusema njia nzima mpaka nyumbani.

Ijumaa iliyopita nilimwomba Fausta awaonyeshe. Nikanyoosha mkono, nikakunja uso kama msimamizi na shangazi kwa pamoja. Goti likakunjika, adabu zote kamili. Kisha karatasi akaipeleka mgongoni.

"Hapana," akasema. "Yangu."

Nilibaki nimenyoosha mkono wangu makusudi, nione. Hakunipa.

Sasa pumzika, Madam. Mimi bado nimekasirika na nitaendelea, maana hasira hizi ndizo zinazonipeleka darasani siku ambazo nakutafuta kwa macho mezani kwako. Nakuahidi hili moja: uchaguzi ujao nitapanga foleni nyuma ya Fausta tena, na atakayenyoosha mkono sitamjibu mimi. Atamjibu yeye.

Rehema wako